Likizo ya Siku Nne ya Kutazama Jiwe

Mimi riziki yangu inatoka kwenye makaratasi. Niko Lusaka katika ofisi ya wakala wa forodha, na mzigo ulioshushwa Bandari ya Dar es Salaam ukaja huku kwa kupitia Tunduma na Nakonde haumfikii mwenyewe mpaka hati zake zipite mezani kwangu, nizigeuze, nizinuse, nitafute kasoro. Nimewahi kumlaza dereva wa lori mpakani siku mbili kwa sababu ya muhuri uliokosa tarehe, na aliponipigia simu akilalamika nilimjibu kwa upole kwamba mtu mzima hasafiri bila kuhakikisha hati zake. Dereva yule, popote alipo, ninaomba asisome habari hizi.

Yaliyonipata yalinipata Oktoba 2024. Mvua za msimu uliotangulia zilikuwa zimekataa kunyesha, Rais wa Zambia alikwisha kutangaza tangu Februari kwamba ukame ni janga la taifa, na Bwawa la Kariba, ambalo ndilo chungu tunachopikiwa umeme, lilikuwa limepungua maji kiasi kwamba mtaani kwetu umeme ulikuja usiku wa manane kama mwizi, ukakaa saa tatu, ukaondoka kabla ya jogoo. Saa saba usiku mtaa mzima uliamka. Huyu anasaga unga, yule anachaji simu za ukoo, na mke wangu, Mama Baraka, anapiga pasi sare za shule huku akiimba pambio kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa ya kulala. Friji yetu tuliigeuza kabati la kuwekea viatu.

Basi Mama Baraka akaona tangazo la nyumba ya wageni kule Livingstone, mjini kwa Maporomoko ya Victoria, lenye maneno mawili tu aliyoyasoma kwa sauti mara tatu: umeme saa 24. Sikukuu ya Uhuru wa Zambia, tarehe 24 Oktoba, iliangukia Alhamisi. Nikiomba ruhusa ya Ijumaa tunapata siku nne kamili. Nilipojaribu kusema kwamba siku nne za kukaa nyumbani nazo ni siku nne, mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tukuyu, alikohoa. Mkwe akikohoa, mjadala umefungwa.

Jirani yetu alikuwa amekwenda huko mwezi wa Aprili na kurudi na simu iliyokufa maji. Alitusimulia kwamba yale maporomoko hayatazamwi bali yanaogwa, kwamba manyunyu yanapanda juu kisha yanarudi kama masika, na kwamba mtu asiye na koti la mvua atajuta. Nikaenda soko la Kamwala nikanunua makoti manne ya njano, yote saizi moja, iwe kwa Baraka mwenye miaka kumi au kwa bibi yake. Usiku wa Jumatano, kwa mwanga wa tochi ya simu, nilizikusanya pasipoti zote, nikazikagua tarehe za mwisho kama ninavyofanya kazini, nikampa Mama Baraka yake na ya mtoto, na yangu nikaiweka mahali ambapo hata tukizama haitalowa. Ya mama mkwe sikuigusa, kwa kuwa imo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya pindo la kanga, ndani ya mkoba asioutua hata akiwa anakula.

Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kilomita zipatazo 480, na mimi nilizitembea kwa adabu. Mwanamume anayesafiri na mama mkwe katika kiti cha mbele hafungui kifungo cha shati, hapigi muziki, wala hamwambii dereva anayemkata mbele yale maneno ambayo dereva huyo anayastahili. Kiyoyozi cha gari langu hupuliza hewa ileile ya nje, isipokuwa kwa kelele zaidi, na Oktoba katika nchi hizi ndio mwezi ambao jua hushuka kuishi na watu. Tulipita Kafue, tukaingia Mazabuka kwenye mashamba ya miwa, tukaja Monze, Choma, Kalomo na Zimba, na kila mji ulitukaribisha kwa matuta na kutuaga kwa matuta, na kila tuta mama mkwe alilipokea kwa kutaja jina la Bwana.

Mazabuka tulisimama tukaulizia kifungua kinywa, mama mmoja akatuambia ana vitumbua. Mama mkwe alifurahi mpaka akashuka garini. Nilipaswa kumtahadharisha, kwa sababu miaka yangu ya mwanzo nami yalinikuta: Wazambia wana neno hilohilo, ila kitumbua chao ni donge la unga wa ngano lililokaangwa, halina mchele, halina nazi, halina hiliki, ni ndugu wa andazi aliyekosa malezi. Mama mkwe alimega, akatafuna taratibu akitazama mbele, akasema, "Jina wamelipata, kitu chenyewe hakijafika." Tukabeba mfuko mzima kwa ajili ya safari, kwa maana nilikwisha kulipa.

Tulifika jioni. Umeme ulikuwapo kweli, sitaki kumsingizia mtu. Kilichokosekana katika tangazo ni habari kwamba umeme huo ulitoka kwenye jenereta lililosimikwa nyuma ya dirisha la chumba chetu, hatua nne kutoka kwenye mto wangu wa kulalia. Sasa, maporomoko yale kwa jina lake la wenyeji yanaitwa Mosi-oa-Tunya, na Mswahili hahitaji mkalimani kuusikia moshi humo ndani. Jina zima maana yake ni moshi unaonguruma. Usiku ule wa kwanza nililala, au tuseme nilijinyoosha, nikivuta moshi wa dizeli na kusikiliza ngurumo, nikajiambia kwamba mwenye nyumba ametuletea kivutio chumbani bila malipo ya ziada. Mama Baraka alipiga pasi nguo zote tulizobeba, kwa mazoea, na kwa furaha ya kupiga pasi saa mbili usiku kama binadamu wengine.

Ijumaa asubuhi tulivaa makoti ya mvua tukiwa bado maegeshoni, kama jirani alivyotuagiza, tukakata tiketi, tukaingia. Jua lilikuwa kwenye digrii 38 na ndani ya lile koti la nailoni mimi nilikuwa nimekwisha kulowa kabla ya kuona tone la mto. Baraka alikuwa akitusomea takwimu alizofundishwa shuleni: urefu wa kwenda chini mita 108, upana zaidi ya mita 1,700, urithi wa dunia tangu 1989. Tukazunguka kichaka cha mwisho, tukashika ukingo, tukatazama.

Lilikuwa jiwe. Ukuta mrefu wa jiwe jeusi, mkavu, wenye nyasi zilizoota kwenye nyufa, na ndege wawili waliokuwa wakijikuna. Mbali kabisa upande wa kushoto, kule ambako macho yanaanza kuumia, kulikuwa na kitu cheupe kikidondoka, nacho mlinzi mmoja mpole alitueleza kuwa kiko Zimbabwe. Aprili na Mei, alisema, maji ya mvua kutoka kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola huwa yamekwisha kufika na ukuta wote hufunikwa. Lakini kufikia Oktoba mto hupungua, na kwa kuwa sakafu yake upande wa Zambia imeinuka, yale machache yaliyobaki hukimbilia kwa jirani. Akaongeza kwamba sehemu nyingine ya maji huchepushwa kwenda kituo cha umeme kilichoko korongoni. Nilitaka kumuuliza umeme wa nani, maana mimi sijauona, lakini mama mkwe alikuwa amenitangulia kusema.

"Baba Baraka," alisema, akiwa ameshika mwavuli aliotoka nao Tukuyu, mahali ambapo mvua haiulizi mwezi na ambako Maporomoko ya Kaporogwe yako karibu na kwao, "umetuleta kilomita zote hizi kutazama jiwe?"

Sikuwa na jibu. Karibu na pale kuna sanamu ya David Livingstone, nikaikazia macho ili nisimtazame mkwe. Yule bwana aliletwa hapa na wenyeji Novemba 1855, yaani naye alifika kipindi hikihiki cha kiangazi, lakini alipelekwa kwa mtumbwi mpaka kisiwani ukingoni kabisa, akaona maji, akayapa jina la malkia wake. Hakuna aliyemkoholea. Na alipokufa mwaka 1873, akina Chuma na Susi waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo. Mimi nilibeba makoti manne, mwavuli, maji, kamera na mfuko wa vitumbua kurudi garini, na kwa kiasi fulani niliwaelewa.

Uamuzi ukatoka: kesho tunavuka daraja, tunayafuata maji huko yaliko. Daraja lile la chuma lilifunguliwa 1905, na inasimuliwa kwamba Cecil Rhodes, yule tajiri mkoloni wa Kiingereza, ambaye hakuishi kuliona, alitaka lijengwe pale ili abiria wa treni wanyunyiziwe na maporomoko. Sisi wa Tanzania viza ya Zimbabwe hatudaiwi. Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya uhamiaji. Mama Baraka akatoa mbili, mama mkwe akafungua mkoba, akafungua kanga, akafungua nailoni, akatoa yake. Mimi nikapeleka mkono mfuko wa shati. Nikapeleka mfuko wa suruali. Nikarudi garini nikakung'uta mazulia, nikafungua hata sehemu ya tairi la akiba, kisha nikasimama jua kali nikijaribu kukumbuka ni wapi hasa mahali pale ambapo hata tukizama haitalowa.

"Umeisahau kwenye droo," alisema Mama Baraka kwa sauti ya mtu ambaye ataikumbuka siku hii kwa faida yake. Afisa wa uhamiaji, kijana mstaarabu, alinieleza kwa upole kwamba mtu mzima huhakikisha hati zake kabla ya kusafiri.

Wakavuka. Walichukua begi la makoti, wakaniachia vitumbua. Niliwaona wakipungua darajani mmoja baada ya mwingine, mama mkwe katikati na mwavuli wake, kama msafara.

Nilikaa upande wa Zambia saa tano. Malori yaliyokuwa yakipita hapo yamepungua, kwa kuwa tangu Mei 2021 mengi yanatumia daraja la Kazungula linalounganisha Zambia na Botswana, lile lenye mita 923 lililokunjwa katikati ili lisikanyage ardhi ya Zimbabwe. Nalijua daraja hilo kwa karatasi, nimelipitisha mizigo mingi, na nilipokuwa nikilitafakari, nyani mmoja alikuja. Hakukimbia wala hakunyakua. Aliketi kando yangu kama mzee wa baraza, akavuta mfuko, akaufungua fundo kwa kucha, akatoa kitumbua kimoja, akakinusa, akakimega, akatafuna akitazama mbele. Kisha akakirudisha nusu iliyobaki mfukoni, akaondoka. Nadhani na yeye amewahi kufika Tukuyu.

Akaja muuza vinyago. Alikuwa na mkufu wa Nyaminyami, joka la mto lenye kichwa cha samaki ambalo Watonga wanasema ndilo mwenye Zambezi, akanisimulia kwamba ukuta wa Kariba ulipojengwa, Nyaminyami alibaki upande mmoja na mke wake upande mwingine, na ndiyo maana mafuriko ya 1957 na 1958 yalibomoa kazi ya wajenzi kwa hasira yake. Akaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikaonyesha ng'ambo ya mto. Hakupunguza bei hata ngwee moja, nami sikubishana.

Walirudi saa saba mchana wakiwa na furaha isiyo na huruma. Maji yapo, walisema, mengi, meupe, yanashuka na upinde wa mvua juu yake. Baraka alinikamulia mkono wa koti lake kwa nguvu zote ili nione alivyolowa, na baada ya jitihada kubwa likatoka tone moja, likaanguka kwenye lami, likakauka tukilitazama. Mama Baraka aliniletea zawadi, noti kuukuu ya Zimbabwe ya mwaka 2008, ya dola trilioni 100, yenye sifuri 14. Nilizihesabu mara mbili, kazi ni kazi. Mama mkwe alisema hakuchoka sana, kwa kuwa huko kuna mabenchi ya kutazamia na yeye alipata kitu laini cha kukunja na kukalia.

Ya Jumapili sina haja ya kuyaeleza. Ni matuta yaleyale kwa mpangilio wa kinyume.

Jumatatu saa saba usiku umeme ulirudi mtaani, pambio likaanza. Nilikuwa nimeipekua droo tangu tulipofika, na kabati, na friji yenye viatu. Mama Baraka aliamua kuyafuta makoti ya mvua kabla ya kuyahifadhi, akalikunjua la nne, langu, lile ambalo hakuna aliyelivaa kule ng'ambo. Lina mfuko wa ndani wenye zipu, usiopitisha maji. Ndicho kilichonifanya ninunue aina ile. Aliacha kuimba.

Pasipoti ilikuwa imepinda kidogo kufuata umbo la mtu aliyeikalia kwa saa nyingi. Haikuwa na muhuri wa kutoka Zambia, wala wa kuingia Zimbabwe, na pembeni, karibu na picha yangu, zipu ilikuwa imepitisha maji na karatasi ilikuwa na alama ndogo ya kulowa.

Mama mkwe alitoka chumbani kuangalia kimya kile kimetokana na nini. Akaichukua, akaisogeza kwenye taa, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Kumbe ulikuja, mwanangu," akasema.