Mwacheni mtoto atambe ngano kwanza

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya upili hapa Nairobi sifa za fanani bora, yaani msimulizi wa ngano na hadithi, atakumiminia zote bila kukwama: awe mlumbi, aijue hadhira yake, abadilishe toni, atumie viziada lugha kama ishara za mikono na uso. Kisha mwombe akutambie ngano moja tu. Wengi watanyamaza. Mimi nafundisha Kiswahili huku Eastlands, na kimya hicho kinaniuma.

Mwaka 1968, wahadhiri watatu katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walidai fasihi ya Kiafrika iwe kitovu cha masomo, fasihi simulizi ikiwemo. Hoja yao ilishika, na fasihi simulizi ikafika hadi shuleni. Ila ilipofika tukaigeuza orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Insha nazo ni hivyo hivyo. Mtoto anaishi ghorofa ya nne Umoja, lakini kila insha yake inaanza kwa kurauka alfajiri na mapema huku ndege wakimtumbuiza.

Nilitega kitendawili katika Gredi ya Saba: "Kuku wangu katagia miibani." Hakuna aliyetegua. Jibu ni nanasi, na nanasi wanalolijua ni kipande kilichokwisha kumenywa, kwenye mkokoteni kando ya barabara. Nilipopewa mji na kutoa jibu, kijana mmoja ambaye ushago wao ni upande wa Thika akasimama kueleza jinsi tunda linavyokaa katikati ya majani, na jinsi majani hayo yanavyokuchana mikono ukilifikia ovyo. Darasa zima lilimgeukia. Kabla ya kengele, msichana wa nyuma akatega chake: "Nalipa kwanza ndipo nione." Tokeni za stima! Istiari ilikuwa imeeleweka, nami sikuwa nimeitaja.

Wapo wanaouliza: Nairobi ina makabila yote, tutatamba ngano za nani? Za wote. Mtoto wa Kiluo atuletee Lwanda Magere, shujaa wa jamii yake. Wa Kikamba atusimulie Syokimau, nabii anayesemekana kutabiri nyoka mrefu kabla ya reli kufika hapa mwaka 1899; wazazi wangapi hushuka jioni kwenye stesheni yenye jina lake na hawajui habari zake? Asiyekuwa na ngano amwendee shosho kwa simu, au askari wa langoni, au mpishi wa shule. Na anapotamba, amtaje aliyemsimulia na jamii ilikotoka, kwa sababu hadithi ina wenyewe. Mzee akisema hii si ya kutambwa mbele ya kila mtu, tumheshimu.

Asimulie kwa Kiswahili alicho nacho, hata kikichanganyika na Sheng. Kumkatiza kila sentensi ili kumrekebisha ngeli ni kumfunga mdomo. Sarufi tutainyoosha atakapokuja kuiandika.

Mtaala wa umilisi tayari una kusikiliza na kuzungumza. Ninachoomba ni kwamba kutamba kupewe alama zake, na insha iandikwe baada ya ngano kutambwa. Darasa la watoto hamsini na zaidi hugawanyika katika makundi ya watanowatano. Kelele itakuwapo, na mwalimu mkuu anayepita dirishani aelewe kwamba hilo ndilo somo.