Petro Alikataa Kuoshwa Miguu, na Mimi Nilikataa

Nyumbani nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka 11. Kiti changu kilikuwa cha mbele, na hata nikichelewa hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilihesabu sadaka, nilipanga zamu za kuwatembelea wagonjwa, nilisoma majina ya wafiwa kwenye matangazo. Alhamisi Kuu, tulipofanya ibada ya kuoshana miguu, mimi nilikuwa miongoni mwa wanaoosha. Sikumbuki hata mwaka mmoja nilioketi upande wa wanaooshwa. Siku zile niliamini kwamba huo ndio unyenyekevu wenyewe.

Huu ni mwaka wangu wa 7 ughaibuni. Nimesoma mengi yanayoandikwa na sisi tulio nje kuhusu kanisa la nyumbani na kanisa la huku, na mara nyingi mwandishi ameshaamua mapema upande upi ushinde. Mimi nimeishi pande zote mbili, na kila upande umenigusa mahali pasipotarajiwa.

Kazi yangu huku ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Watu wetu wanaita kubeba boksi, hata kama hakuna boksi linalobebwa. Namwamsha mzee, namgeuza, namsafisha, namvisha, namketisha kwenye kiti cha magurudumu. Na miguu naiosha kila asubuhi, ya watu 8 au 9. Ni miguu iliyovimba, yenye kucha ngumu kama pembe. Mwenye kisukari unamkausha taratibu katikati ya vidole, kidole kwa kidole, maana unyevu ukibaki hapo ngozi huchanika, na kidonda chake hakiponi upesi. Kule kanisani kwetu, kila aliyekuja kuoshwa Alhamisi Kuu alikuwa ameshaisugua miguu yake kabla ya kutoka kwake. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka nilipoanza kazi hii.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikijifungia chooni kulia. Nilijiona nimedhalilishwa: mtu mzima, mzee wa kanisa, niliyesoma, leo nafuta mikojo ya watu wasiolijua jina langu. Nilisali Mungu anitoe pale. Hakunitoa. Kilichonisaidia ni kuisoma upya sura ya 13 ya Yohana, pale Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, polepole, kama mtu ambaye hajawahi kuisikia ikihubiriwa. Kabla hata beseni halijatajwa, Yohana anaeleza kile ambacho Yesu alikijua: kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu. Ndipo akaondoka mezani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa. Aliinama akijua yeye ni nani. Kudhalilishwa unafanyiwa na watu. Kunyenyekea unafanya mwenyewe, na huwezi kukufanya kama hujui wewe ni wa nani. Tangu nilipolielewa hilo kazi haikuwa nyepesi, na mgongo unaniuma mpaka leo. Ila kulia chooni kuliisha.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wapendwa wa nyumbani hawatalipenda. Jumapili yangu ya kwanza katika usharika wa huku, ibada ilipoisha nilimwona mchungaji ameshika fagio. Nilikimbia kumpokonya, kama ambavyo yeyote kwetu angefanya. Alinitazama kwa mshangao, akaliachia, halafu akaenda kuchukua fagio jingine. Tukafagia wote wawili. Ndiye anayepanga viti, ndiye anayetoa takataka, na hakuna anayeona ajabu.

Kwetu viongozi wa kanisa tunawaita watumishi, na jina ni zuri, linatoka kwenye Maandiko. Lakini mtumishi wetu hubebewa Biblia, hubebewa mkoba, hufunguliwa mlango wa gari, na akina mama walewale ndio wanaofagia mwaka hadi mwaka. Simsemi mtu, nilibebewa mimi mwenyewe na sikumwambia aliyenibebea aache. Tumeupa utumishi cheo. Kanisa lilishajua hatari hiyo zamani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inaagiza watawa wahudumiane jikoni kwa zamu za wiki, na mwisho wa wiki anayemaliza zamu pamoja na anayeanza wawaoshe ndugu wote miguu. Mgeni akifika, abati mwenyewe, yaani mkuu wa watawa, anamiminia maji mikononi mwake, na miguu ya mgeni huoshwa na abati pamoja na jumuiya nzima. Na mwaka 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko aliiadhimisha Alhamisi Kuu katika gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akapiga magoti mbele ya vijana 12 waliofungwa, wakiwemo wasichana na Waislamu. Mimi si Mkatoliki, lakini siku ile nilijisikia nimeguswa kwenye kile kiti changu cha mbele.

Hapo huku wanatushinda, na nalisema kwa moyo mweupe.

Lakini huku mtu anaweza kuumwa na asijulikane. Nyumbani usipoonekana kanisani Jumapili, Jumatatu kuna mtu mlangoni. Jumuiya inasali kwako, uwe umejiandaa au hujajiandaa, na anayekuja hakuulizi kama una nafasi. Nilipokuwa kule nililalamika mara nyingi kwamba watu hawana mipaka. Sikujua kwamba ile kero ndiyo iliyokuwa imenishikilia. Katika nyumba ninayofanya kazi kuna wazee ambao kwa mwaka mzima sijaona mtu akija kuwaona. Wengine ni waumini wazuri, wana vitabu vya nyimbo kando ya kitanda. Usharika wao unawatumia kadi Krismasi. Ninaposikia kadi ile ikisomwa kwa mara ya tatu siku moja, kwa sababu mwenyewe amesahau kwamba imeshasomwa, natamani wale majirani wangu wasio na mipaka wangekuwepo wauvamie mlango ule.

Miaka 2 iliyopita, majira ya baridi, niliteleza kwenye barafu nikitoka zamu ya usiku. Kifundo cha mguu kilivunjika, nikafungwa plasta. Naishi peke yangu. Kwa siku 4 sikumwambia mtu yeyote kanisani. Mama alipopiga, nilimwambia mtandao ni mbovu, tutaongea wiki ijayo.

Aliyegundua ni mama mmoja mstaafu, kwa sababu Jumapili ile ilikuwa zamu yangu ya kusoma somo na sikutokea. Alikuja na karatasi. Aliandika Jumatatu hadi Jumamosi, mbele ya kila siku jina la mtu na saa, akaibandika kwenye friji. Niliichukia karatasi ile. Niliona nimefanywa kuwa kazi ya kugawana, wakati kwetu wangeingia watu 15 kwa pamoja, wangeimba, wangelia kidogo, nyumba ingejaa. Lakini nilikuwa mpanga zamu za wagonjwa kwa miaka 11, na lazima niseme ukweli ninaoujua. Wiki ya kwanza kwetu nyumba hujaa. Wiki ya nne anabaki mke wa mgonjwa. Watu wa karatasi walikuja wiki 6, saa ileile, na hakuna hata siku moja ambayo jina lilikosa mtu. Hawakuimba. Walikaa, wakaosha vyombo, wakaniuliza nilichohitaji, wakaondoka. Kitabu cha Matendo, sura ya 6, kinasema utaratibu wa namna hii ulizaliwa na malalamiko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Waliosahauliwa walikuwa watu wa lugha nyingine. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Waliwaambia waumini wachague watu 7, na mmojawapo wa waliochaguliwa, Nikolao, hakuwa hata Myahudi wa kuzaliwa, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Upendo wa kanisa la kwanza nao ulihitaji orodha ya majina ili mgeni asisahauliwe. Karatasi ya kwenye friji niliisamehe nilipoyakumbuka hayo.

Siku ya Alhamisi jina lilikuwa la mzee mmoja mwanamume, zaidi ya miaka 70, fundi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alifika, akaninyoshea blanketi, akauona mguu usio na plasta. Akaniuliza umeoshwa lini. Nikamwambia haina haja. Akaenda kuchota maji. Aliporudi na beseni nikavuta mguu wangu nyuma, nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hapana, wewe huwezi kuniosha miguu."

Nikajisikia nikisema, na nikajua ni maneno ya nani.

Petro aliposema hivyo alidhani anamheshimu Bwana. Hata mimi ningeulizwa ningesema ni heshima: yeye ni mzee, mimi ni kijana kwake, kwetu haifai. Lakini Yesu hakuipokea heshima ile. Alimjibu kwamba asipomwosha, hana shirika naye. Nimelihubiri andiko hilo, na sikuwahi kuona kwamba Petro alikosea kwa kukataa kupokea. Nilikuwa nimefanya utoaji kuwa mahali pa kujificha. Anayetoa hushika beseni, hachunguzwi, kucha zake hazionekani.

Yule mzee hakubishana. Alipiga magoti kwa shida, goti moja baada ya jingine, akaosha. Kisha akakausha katikati ya vidole, kidole kwa kidole, kama ninavyofanya mimi kazini.

Nadhani jambo hili linatuhusu sisi wa ughaibuni kuliko tunavyopenda kukiri. Sisi ni watoaji. Ada, matibabu, mchango wa paa la kanisa, harusi, msiba, ujumbe unaingia saa 9 usiku na asubuhi tumeshatuma. Ni jambo jema na sitaki mtu aache. Ila mtu anayetuma hatakiwi kuumwa, hatakiwi kuachishwa kazi, hatakiwi kuwa na usiku ambao hawezi kusali. Tunapiga picha tukiwa tumesimama mbele ya jengo zuri, na picha ya chumba hatutumi. Na ndugu zetu mnaobaki, nanyi mna sehemu yenu: mnasema huyo yuko majuu, atakosaje? Kwa hiyo yule tuliyemzoea kumwombea akiwa kijijini, akishavuka mpaka hatumwombei tena, tunamwomba.

Napenda tumkumbuke Epafrodito. Kanisa la Filipi lilimtuma apeleke msaada kwa Paulo aliyekuwa kifungoni. Yeye ndiye aliyebeba bahasha, kwa lugha yetu. Huko ugenini akaugua, akakaribia kufa. Na Paulo anaandika kitu ambacho kila mtu wa ughaibuni anakielewa bila kuelezwa: Epafrodito alihuzunika sana kwa sababu watu wa kwao walikuwa wamesikia kwamba anaumwa. Ugonjwa aliubeba, habari za ugonjwa kufika nyumbani ndizo zilizomwelemea. Paulo hakumsaidia kuficha. Aliandika yote kwenye waraka utakaosomwa mbele ya kanisa, akawaambia wampokee kwa furaha na wawaheshimu watu kama yeye. Filipi ilikuwa koloni la Roma, mji uliojivunia uraia na vyeo, na ni katika sura hiyohiyo ya 2 ambapo Paulo anawaandikia kwamba Kristo alitwaa namna ya mtumwa. Baadaye katika sura hiyo ndipo anapomtaja huyu ndugu aliyekwenda kutoa akaishia kuuguzwa. Sijawahi kusikia mahubiri yanayoviweka viwili hivyo pamoja, na natamani mchungaji mmoja huko nyumbani ayahubiri, hasa Jumapili ambayo majina ya wachangiaji wa nje yanasomwa.

Faraja niliyoipata wiki zile 6 sikuwa nimeionja katika miaka yote ya kiti cha mbele. Haikunijia kwa wimbo wala kwa mahubiri. Nilikuwa nimejulikana nilivyo, na watu hawakuondoka. Nyumbani faraja hiyo ilikuwa mlangoni kwangu kila siku na niliipokea kama mwenyeji anavyopokea wageni, nikiwa nimesimama. Ilibidi nivunjike katika nchi ya watu wenye karatasi ndipo nikae chini.

Jioni ya Alhamisi ile nilimpigia mama simu. Nilimwambia mtandao haukuwa mbovu. Nilimweleza barafu, mguu, plasta, siku 4 za kunyamaza, na yule mzee na beseni lake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akamwombea yule mzee, hakuanza na mimi, akaomba Mungu ampe magoti yenye nguvu. Baada ya amina akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "na mimi nililazwa mwezi uliopita. Niliwakataza wasikwambie."

Nikamwomba anisimulie tangu mwanzo.