Chavua Iliyobadilishwa Kikemikali: Je, Seli T Bado Huitambua?

Tangu mwaka 1911, Leonard Noon alipochapisha habari za kuwadunga wagonjwa wa mzio dondoo la chavua ya nyasi ili miili yao iizoee, tiba hiyo imekuwa na kasoro moja kubwa: dawa yenyewe inaweza kumletea mgonjwa shambulio. Njia mojawapo ya kupunguza hatari hiyo ni kuichanganya protini ya chavua na formaldehaidi au glutaraldehaidi, ili ipatikane alegoidi, yaani protini ya chavua iliyopunguzwa makali.

Hoja ya watetezi wake ni nzito. Kingamwili za IgE, ambazo hukaa juu ya seli za masti tayari kuchochea umwagaji wa histamini, kemikali inayoleta dalili za mzio, kwa kawaida hutambua umbo la protini ilivyojikunja. Glutaraldehaidi inapofunga laisini (mojawapo ya asidi amino zinazounda protini) moja na nyingine, protini hushikamana mafungumafungu na sehemu nyingi ambazo IgE ingezishika hupotea. Seli T, seli za kinga ambazo tiba hii hulenga kuzizoesha chavua, hazitegemei umbo hilo, kwani husubiri seli nyingine za kinga, za dendriti, ziimeze protini, ziikatekate na kuonyesha vipande vyake juu ya molekuli za MHC, ambazo huvishikilia juu ya seli. Kwa hiyo, kinadharia, alegoidi huweza kuzifikia seli T bila kuziamsha seli za masti.

Neno hilo "kinadharia" ndilo linalonitia shaka. Laisini iliyofungwa huweza kuwa ndani ya kipande kilekile ambacho seli T ingekitambua, na viungo vipya huweza kubadilisha mahali ambapo vimeng'enya hukata. Isitoshe, IgE yenyewe husaidia kuiingiza protini katika seli zinazoonyesha vipande, msaada ambao alegoidi huukosa kwa kiasi kikubwa. Ingawa, kwa haki, msaada huohuo ndio unaokoleza mzio, hivyo kuukosa si hasara tupu. Wapo watafiti walioziunganisha alegoidi na manani, sukari ya hamira, ili seli za dendriti zizinase kwa vipokezi vingine.

Wala mabadiliko ya kikemikali hayapunguzi makali sikuzote. Ozoni na dioksidi ya nitrojeni katika hewa chafu hupachika kundi la nitro kwenye tairosini, asidi amino nyingine, za Bet v 1, protini ya chavua ya mti wa betula, na imeonekana kuwa IgE za baadhi ya wagonjwa huishika zaidi protini iliyobadilika hivyo.

Ndiyo maana siridhiki alegoidi inaposifiwa kwa kipimo cha kushuka kwa ushikaji wa IgE peke yake. Kipimo hicho huashiria usalama tu. Uwezo wa kuzifikia seli T unahitaji kupimwa kwa seli T za wagonjwa wenyewe, na kwa kila aina ya chavua, kwa kuwa laisini hazikai mahali pamoja katika protini zote.