Probox Nisiyokuwa Nayo

Sisi watu wa isimu tuna ugonjwa mmoja, hatuwezi kumnyima mwenzetu swali. Unaamka unapata mtu yuko Ujerumani anauliza Wapokomo husemaje hivi, mwingine yuko Dar anataka sentensi za Kiamu kabla ya jioni, na wewe unajibu "hakuna shida prof" utadhani kuna mtu anakulipa.

Sasa huyo wa Ujerumani anaandika makala kuhusu ngeli kwa Kiswahili cha Nairobi. Swali lake lilikuwa dogo tu: watu wa huko wakiongea kawaida, gari limeharibika ama gari imeharibika? Nikamwambia imeharibika, kwisha. Akakataa, ati mimi mwalimu sihesabiki, anataka ya mtaani, na nisiulize mtu moja kwa moja juu Mkenya ukimuuliza mambo ya Kiswahili anakumbuka mtihani wa KCPE wa shule ya msingi na anaanza ngeli yake ya LI-YA, gari limeharibika, hapo hapo. Hapo alisema ukweli. Akanishauri nifanye kama marehemu William Labov, yule mwanaisimu aliyechunguza matamshi ya New York, mapema miaka ya 60 aliingia maduka makubwa akiuliza kitu chenye anajua kiko orofa ya nne, yaani fourth floor, ndio asikie tu kama wahudumu wanatamka r ama wanaimeza, halafu anajifanya hajaskia ndio warudie.

Sawa, lakini kwa Labov mtu anakuonyesha ngazi na mambo inaisha. Grogan, huko kwa mafundi wa magari Nairobi, si hivyo.

Nilifika Kirinyaga Road nikamwendea kijana mmoja amejaa grisi mpaka kwa kope. "Boss, niko na shida ya gari." Sikuongeza kitu.

"Iko wapi?"

Data safi! Nikajifanya sijaskia. Akaangalia viatu vyangu, akaangalia begi, akajisafisha koo: "Gari lako liko wapi, mheshimiwa?"

Jameni, nusura nimkumbatie na hiyo grisi yote. Ni vile tu Labov alipata, mtu akirudia anapandisha lugha. Nikaanza kucheka peke yangu na hiyo ndio iliniponza, juu Grogan mtu ako na shida ya gari na anacheka ni mtu wa pesa. Kupepesa macho wamejaa.

"Ni gari gani?"

Probox, nikasema, juu ndio ilikuwa inapita.

"Inafanya aje?"

Mimi huenda kazi na mathree, nitajuaje gari hufanya aje? Nikasema inakohoa.

"Ikiwa baridi ama ikishapata moto?"

"Zote."

"Inatoa moshi?"

"Kiasi."

"Rangi?"

Nikadhani ni rangi ya gari. "Nyeupe."

Wakaangaliana vile madaktari huangaliana mgonjwa akiwa hajaleta mtu wa kwao. "Hiyo ni hedi gasket imeenda," mmoja akasema pole pole, na mwingine tayari ako kwa simu anauliza bei, na mwingine amebeba spana, twende tuione.

Basi tukashuka pande ya Globe, mimi na kikosi cha mafundi, tukitafuta gari haipo. Njia yote ni "hiyo gari", "gari kama hizi", "hii gari ulinunua wapi", na mimi nahesabu kwa vidole ndani ya mfuko, li hakuna, isipokuwa ile ya mheshimiwa. Kabla nipate kona ya kuchomokea, tukakuta Probox nyeupe imeegeshwa, na ndani kuna jamaa amelaza kiti anakoroma. Wakagonga dirisha.

"Fungua boneti, mwenye gari amefika!"

Jamaa akaamka. "Mwenye gani?"

Macho yote yakanigeukia mimi.

"Mimi ni mtafiti wa lugha," nikasema, na hata mimi niliskia vile hiyo kitu haina maana.

Kimya. Kisha mzee mmoja nyuma huko akauliza, kwa upole kabisa, "Lugha gani inatoa moshi nyeupe?"

Walianza na elfu mbili ya kusumbua watu kazini, tukaelewana mia tano. Yule jamaa wa Probox naye, vile ameona mafundi wamejileta, akawaambia waangalie breki, zinapiga kelele, nikawaacha wamelala chini ya gari na mtu wa simu bado anabishana bei ya gasket.

Jioni nikamtumia wa Ujerumani matokeo. Akashukuru sana, akasema ni data nzuri ajabu, halafu akaongeza kaswali kengine kadogo: jino linauma ama jino inauma? Na kama inawezekana, nimpatie ya kliniki.

Nimemjibu niko likizo.