Mzee Kocha, Miaka Minne Utakuwepo?

Kazini kwetu kuna mzee mmoja mzaliwa wa Pennsylvania. Ukitaka kulitaja mbele yake jina la Joe Paterno, aliyekuwa kocha wa chuo kikuu cha huko kwao, Penn State, jipange kwanza. Kikombe chake cha kahawa kina mchoro wa uso wa kocha huyo, ila kimeoshwa miaka mingi mpaka sura imefutika, imebaki miwani tu, ile minene kama kitako cha chupa. Wiki iliyopita ulimi uliniponyoka nikamwambia kwamba kwa maoni yangu Paterno alitakiwa aondoke 2004. Hakunijibu. Alikisuuza kikombe, akakifudikiza juu ya kitambaa, akaenda zake. Basi yale niliyotaka kumwambia nayaandika hapa.

Naongelea futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, na hasa ile ya vyuo vikuu. Ukisikia "vyuo" usifikirie bonanza la wanafunzi Jumamosi jioni. Uwanja wa Penn State unaingiza watu zaidi ya 100,000, na katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, ni kocha. Mtu wa namna hiyo kumwambia "mzee, pumzika" si jambo dogo.

Paterno alifika Penn State 1950 akiwa msaidizi, akawa kocha mkuu 1966, na hakutoka hapo hadi 2011. Alitwaa ubingwa wa taifa 1982 na 1986. Alikaa kwenye nyumba ya kawaida karibu na chuo, na siku ya mechi ya nyumbani alikwenda uwanjani kwa miguu. Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Kati ya 2000 na 2004, misimu minne kati ya mitano alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Msimu wa 2003 alishinda 3, akapoteza 9. Uliofuata akashinda 4, akapoteza 7. Mwisho wa 2004 rais wa chuo na mkurugenzi wa michezo walikwenda nyumbani kwake kumwomba akubali kupumzika. Alikuwa anakaribia miaka 78. Akawakatalia, nao wakarudi walikotoka.

Msimu wa 2005 akashinda mechi 11, akapoteza moja tu. Akaufunga kwa kumshinda mzee mwenzake, Bobby Bowden wa Florida State, 26 kwa 23 kwenye Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu, baada ya vipindi vitatu vya nyongeza. Mmoja ana miaka 79, mwingine 76. Siku hiyo kila aliyewahi kusema ng'ombe hazeeki maini alionekana nabii.

Hapo ndipo mzee wangu wa kikombe anaponikamata kila siku: "Angeondoka 2004, 2005 ingetoka wapi?" Ni swali zuri. Mimi naona kile kikosi cha 2005 ndicho kilichomharibia Paterno mwisho wake, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyebaki na mdomo wa kumwambia lolote. Mwaka 2006 mchezaji alimparamia pembeni mwa uwanja akamvunja mguu. Mwaka 2008 nyonga ilimsumbua hadi ikafanyiwa upasuaji, akawa anaongoza mechi akiwa amekaa kwenye kibanda cha juu. Agosti 2011 akagongwa tena mazoezini. Novemba ya mwaka huo huo, kashfa ya Jerry Sandusky, aliyewahi kuwa msaidizi wake na ambaye baadaye alitiwa hatiani kwa kunajisi watoto, ikamkuta bado yuko kazini. Bodi ya chuo ikamfukuza kwa simu, usiku, akiwa na miaka 84. Januari 2012 akafariki kwa saratani ya mapafu. Sisemi kashfa ile ililetwa na uzee. Habari za Sandusky zilimfikia 2001, akazipeleka kwa wakubwa wake akaishia hapo, na mwenyewe alikuja kukiri kwamba alitamani angefanya zaidi. Ninachosema ni kwamba chuo ambacho kwa miaka saba hakikuweza kumstaafisha kocha wake kilikuwa kimeshageuka mali ya kocha.

Wengine wanataka tuweke umri. Kwetu Tanzania mtumishi wa serikali akifika 60 anaagwa, anapewa zawadi, basi. Marekani hawawezi: tangu 1986 sheria inawakataza waajiri wengi kumwondoa mtu kwa sababu ya miaka yake tu. Na hata wangeweza, umri ni kipimo kibovu. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na kocha anaitwa Amos Alonzo Stagg, aliyeanza pale 1892. Alipofika 70, kanuni ya chuo ikamtoa. Mzee akafunga virago akaenda California kufundisha chuo kidogo, na 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka.

Basi kipimo si umri. Wala si ushindi, maana ushindi tumeona ulivyomdanganya Paterno. Kipimo changu kiko sebuleni.

Kocha wa chuo hanunui wachezaji kwa wakala kama klabu zetu zinavyofanya wakati wa usajili. Anakwenda nyumbani kwa kijana wa miaka 17. Anakaa kwenye kochi, anakula alichopikiwa, anasifia picha za ukutani, halafu anamgeukia mama. Kwa mama haelezi mbinu za uwanjani. Anamwambia: nipe mwanao, nitamwangalia kama wangu, baada ya miaka minne nitakurudishia mwanamume mwenye shahada. Mama ndiye anayeamua, na makocha wote wanalijua hilo. Paterno alikuwa fundi wa kazi hiyo kuliko wengi.

Sasa soma kilichokuwa kwenye karatasi. Kwa miaka mingi barua aliyotia sahihi kijana ilimfunga kwa chuo, si kwa kocha. Kocha akiondoka, akifukuzwa, akifa, kijana alibaki pale pale. Akitaka kuhama ilimbidi kwa kawaida akae nje msimu mzima bila kucheza, na kwa kijana mwenye misimu minne tu ya kucheza, huko si kusubiri kudogo. Kilichokuwa kinamlinda ni neno la mzee tu. Kwa hiyo mtu wa miaka 80 anapoketi kwenye kochi lile na kusema "miaka minne", namuuliza: mzee, unaamini unachokisema? Siku akijibu kwa kusitasita, hata kama ameshinda mechi zote, muda wake umekwisha.

Wapinzani nao si wajinga. Kwenye sebule ile ile anakuja kocha wa chuo kingine, ana miaka 45, ananong'ona: yule babu mwakani hayupo. Ndipo vyuo vikabuni kitu cha ajabu, kocha mrithi. Florida State walimtangaza msaidizi aitwaye Jimbo Fisher kuwa mrithi wa Bowden 2007 huku Bowden yupo, anafanya kazi. Fikiria unakwenda ofisini kila asubuhi na atakayekalia kiti chako yuko meza ya pili. Bowden alikuwa ameifanya Florida State imalize ndani ya tano bora misimu 14 mfululizo, akatwaa ubingwa 1993 na 1999. Msimu wa 2009, kabla ya mechi ya mwisho, akawa ameshinda 6 na kupoteza 6. Alitaka mwaka mmoja zaidi, hakupewa. Akaaga kwa ushindi dhidi ya West Virginia siku ya mwaka mpya 2010.

Bowden alikuwa na utani wake: ukishastaafu, tukio kubwa lililobaki maishani ni moja tu. Watu walicheka, lakini chini ya utani kulikuwa na kaburi la mtu. Bear Bryant wa Alabama, yule wa kofia ya mirabaraba, alikuwa akitania kwamba akiacha kazi atakufa. Akaongoza mechi yake ya mwisho tarehe 29 Desemba 1982. Tarehe 26 Januari akafariki. Siku 28. Wazee wa rika lile hawakulisahau jambo hilo, na mimi siwalaumu, ingawa Bowden mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 11 baada ya kuondoka.

Yupo mmoja anayenipa shida. Eddie Robinson alianza Grambling, chuo cha Weusi huko Louisiana, mwaka 1941, wakati ambao vyuo vikubwa vya Kusini havikumpokea kijana Mweusi hata awe na mbio za swala. Alishinda mechi 408 na kupeleka wachezaji zaidi ya 200 kwenye ligi ya kulipwa. Alikuwa anapita mabwenini asubuhi na kengele mkononi akiwaamsha wachezaji waende darasani. Miaka mitatu ya mwisho timu ilikuwa hoi. Walipotaka kumtoa 1996, watu wakapiga kelele, akaongezewa msimu mmoja, akashinda mechi 3 na kupoteza 8. Kipimo changu kinasema alichelewa. Moyo wangu unasema kama yuko mtu duniani aliyestahili kuchelewa, ni huyo. Angalau kiti chake alikirithi Doug Williams, aliyewahi kuwa mchezaji wake mwenyewe.

Sisi Waswahili tuna maneno mawili hapa. Kustaafu ni kwa mujibu wa taratibu. Kung'atuka ni lile alilotuzoesha Mwalimu Nyerere alipoacha urais 1985: unaondoka mwenyewe, wakati bado kuna wanaotaka ubaki. Aliyeng'atuka kwenye mchezo huu ni Tom Osborne wa Nebraska. Alikuwa na miaka 60 tu, moyo ulishamsumbua, akatwaa ubingwa wa 1997, ambao ulikuwa wa tatu katika misimu minne, akaondoka. Nick Saban naye, mwenye mataji saba. Alipoaga Alabama Januari 2024 akiwa na miaka 72, alieleza kwamba vijana pamoja na makocha aliotaka kuwaajiri walikuwa wanamuuliza atakuwepo hadi lini, na kuwajibu kwa ukweli kulikuwa kunazidi kuwa kugumu. Niliposikia hayo nilipiga meza. Na kufikia hapo kijana alikuwa hafungwi tena: kocha akiondoka, mlango ulikuwa unafunguliwa siku 30, anayetaka kuhama ahame. Nyota kadhaa wa Alabama walihama kweli. Timu iliumia, ila hakuna aliyenaswa.

(Vyuo navyo vina vituko vyao. North Carolina walimwondoa Mack Brown mwishoni mwa 2024, siku moja baada ya mwenyewe kusema anarudi. Alikuwa na miaka 73. Wakamleta Bill Belichick, kijana wa miaka 72.)

Nikija kuongea tena na mzee wa kikombe sitamtajia Saban, atasema ni mtu wa Alabama. Nitamtajia Stagg. Alipotoka kule California, zaidi ya miaka 80, alikwenda kumsaidia mwanawe aliyekuwa kocha wa chuo cha Susquehanna, huko huko Pennsylvania. Baadaye akarudi California, mjini Stockton, kuwafundisha vijana wa chuo kimoja kupiga mpira kwa mguu. Hakuna mama aliyempa mwanawe kwa neno lake. Alikuwa mzee anayekuja mazoezini. Mwaka 1960 akaandika kwamba amekuwa kocha kwa miaka 70, na kwa kuwa sasa ana 98, anaona ni wakati mzuri wa kuacha.