Pasaka Haina Deni kwa Ishtar

Kwaresima ikikaribia mwisho, ule ujumbe huanza tena kuzunguka WhatsApp: Pasaka ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli ya kale, na yai na sungura ndizo alama zake. Inaniuma kuona waumini wakitiwa hofu kwa jambo ambalo Kiswahili chenyewe kinalikana.

Ishtar inafanana na jina la Kiingereza tu, "Easter". Sisi tunasema Pasaka, Wagiriki Pascha, Wafaransa Pâques. Yote chimbuko lake ni Pesach ya Kiebrania, yaani Pasaka ya Wayahudi. Dai la Ishtar lilivumishwa na Alexander Hislop, mchungaji wa Scotland, kwa kijitabu cha 1853. Alama za Ishtar zinajulikana: simba, na nyota ya pembe nane.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba jina la Kiingereza huenda ni la kipagani. Mtawa Bede aliandika mwaka 725 kuwa Waingereza wa kale waliuita mwezi wa Pasaka kwa jina la mungu wa kike, Eostre. Hakutaja yai wala sungura. Sungura wa mayai tunamkuta mwaka 1682, daktari Mjerumani Georg Franck von Franckenau alipoeleza desturi za Alsace, eneo ambalo leo liko Ufaransa.

Lakini yai! Asili yake iko bandani. Kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hivi kwa siku. Ulaya, wakati wa baridi, hupunguza au huacha kabisa. Mchana ukirefuka mwezi Machi anaanza upya, katikati ya mfungo ambao zamani ulikataza nyama, maziwa na mayai pia. Kuku anayetaga siku moja na kupumzika moja hukuachia mayai 20 kwa siku 40. Kuku kumi, mayai 200. Unayahifadhi bila kuyaosha, maana ukiosha unaondoa utando unaoziba vitundu vya ganda, vijidudu vinaingia, yai linaoza. Siku ya Pasaka unayachemsha kwa maganda ya vitunguu yapate rangi, kisha unagawa. Mwaka 1290 mfalme Edward I wa Uingereza alinunua 450 ya kupambwa.

Huku karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na kuku hana msimu huo.

Tarehe nayo inafuata mwezi mpevu, kama Pesach. Mwaka 2025 mwezi mpevu wa kwanza baada ya Machi 21 uliangukia Jumapili yenyewe, Aprili 13, na kanuni inataka Jumapili inayofuata. Ndiyo maana tulisherehekea Aprili 20.