Saa Sita ni Saa Sita

Wengine huenda Jordan na kamusi. Mimi nilikwenda na Kiswahili. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: wao wanasema kitab, mimi kitabu, wao sukkar, mimi sukari, wao safar, mimi safari. Nusu ya lugha ninayo tayari mdomoni, nimlipe mwongoza watalii wa nini? Waliponishauri nijiunge na kundi, niliwajibu kwamba kundi ni la kondoo.

Na siku ya kwanza Petra, ule mji wa kale uliochongwa miambani, nilijiona nimebarikiwa. Lile korongo wanaloliita Siq lina urefu wa kilomita 1.2 hivi, miamba imekubana kulia na kushoto, halafu ghafla mbele yako panafunguka kipande cha jumba la rangi ya waridi lililochongwa kwenye mwamba mzima, kimo chake karibu mita 40. Wenyeji wanaliita Khazneh. Khazneh! Hazina! Palepale niliwatafsiria watalii wawili wa Kijerumani, bila hata kuombwa. Nikawaonyesha na kile chungu kikubwa kule juu, chenye makovu ya risasi, nikawasimulia jinsi Mabedui walivyoamini kwamba dhahabu imefichwa humo, wakawa wanakipiga bunduki kipasuke iwamwagikie. Ni jiwe tupu. Wajerumani wakatikisa vichwa, nami nikaondoka nikitembea kama mtu mwenye kibali.

Kisha nikakutana na punda.

Kufika Ad Deir, jengo jingine kubwa kule mlimani, ni ngazi zaidi ya 800, na kabla ya ngazi wamejipanga vijana na punda wao. Mmoja alinifuata. Nikamwambia kwa adabu, "Tafadhali," yaani tafadhali niache nitembee. Uso ukamng'aa, akanisogezea punda. Nikaweka mkono kifuani: "Tafadhali, ndugu yangu, tafadhali!" Akazidi kufurahi, akanishika mguu anipandishe. Jioni ndipo mtu wa hoteli aliponieleza kuwa kwao tfaddal ni neno la anayetoa, si la anayeomba. Maana yake karibu, endelea, jitwalie. Kumbe nilikuwa nikimkaribisha yule kijana anipandishe punda, tena kwa kumsisitiza. Neno nililolihitaji lilikuwa "la", na "la" ninalo tangu utotoni.

Bei nayo ikawa kituko chake. Namba za Kiarabu tulizonazo zina mapengo: tuna sita, saba, tisa, halafu kimya mpaka ishirini. Kijana alitaja bei yake, sikuielewa, kwa hiyo lazima ilikuwa chini ya ishirini. Nikamjibu kwa namba niliyokuwa nayo. "Ishirini!" Alikubali kabla sijafunga mdomo. Watu hupandishiwa bei na muuzaji. Mimi niliipandisha mwenyewe kwa upungufu wa msamiati.

Lakini hayo yalikuwa madogo.

Kesho yake nilikwenda Petra Ndogo, kilomita kama nane kaskazini mwa mji wa Wadi Musa. Kuingia ni bure, na Petra yenyewe ilikuwa imeshanitoa dinari 50, kwa hiyo niliipenda kabla sijaiona. Jina lake la Kiarabu ni Siq al-Barid. Barid, baridi. Neno nililielewa barabara, ila sikulitilia maanani. Ilikuwa Desemba, nami nimevaa fulana na kikoti cha kuvalia picha.

Dereva wangu alikuwa mtu mzima mpole, kila mara "ya akhi", nami nikisikia "yakhe" roho inalainika. Kwa kulainika huko nikamlipa nauli ya kwenda na kurudi kwa pamoja. Aliniteremsha saa tatu asubuhi.

"Urudi saa sita," nikamwambia.

"Sitta?" Akakunja uso.

"Sita."

"Sitta!"

Nikagonga kioo cha saa yangu kumwonyesha kwamba mimi ni mtu wa wakati. Akalitazama jua, akalitazama lile korongo dogo, akanitazama mimi. Akainua mabega, akaondoka. Namba yake ya simu sikuichukua. Ya nini, na saa tumeshapatana?

Korongo lenyewe lina urefu wa mita kama 400. Wanabatea, wale wafanyabiashara walioijenga Petra, walichonga humo vyumba vya kulia chakula na matangi ya kuvunia maji ya mvua. Inaaminika misafara ya biashara ilipokewa hapo, wageni wakakaa wakala. Chumba kimoja dari yake bado ina michoro ya mizabibu, ndege na mtoto anayepuliza filimbi, kazi ya karibu miaka elfu mbili iliyopita. Ni kizuri kweli. Nilikitazama saa nne. Nikakitazama saa tano na robo. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nawajua wale ndege mmojammoja.

Dereva hakuonekana. Jua haliingii mle korongoni, nikawa natetemeka katika chumba cha kulia cha watu waliokufa zamani wakiwa wameshiba.

Langoni palikuwa na mama mmoja muuza chai. Alinitazama meno yanavyogongana, akasema, "Barid!" Nikasema, "Baridi!" Tukacheka, tukaelewana kuliko nilivyowahi kuelewana na mtu yeyote nchini humo. Chai, sukari, yote yalikwenda vizuri. Ndipo nikataka kumweleza masaibu yangu. Nikamwonyesha barabara tupu, nikaiga kushika usukani, nikasema kwa uchungu, "Saa sita!"

"Sitta," akasema, akanyoosha viganja. Sasa tatizo liko wapi?

"Sita!" nikapaza sauti.

"Sitta, sitta," akanibembeleza kama mtoto, akaniongezea chai.

Tulikaa hivyo, kila mmoja akilitamka neno lilelile na kumwona mwenzake hana akili. Mabasi ya watalii yalikuja yakaondoka. Ningeweza kuomba lifti, lakini nauli nilishalipa, na kila nilipoinuka niliona kama dereva atatokea dakika ileile. Nikamkumbuka Burckhardt, yule Mswisi aliyefika Petra mwaka 1812 akijiita Sheikh Ibrahim, akisingizia ana nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Haruni. Yeye alikaa Aleppo miaka akijifunza Kiarabu kwanza. Wakati ule niliona anapoteza muda.

Jua likazama. Mama akafunga vyombo, akaniachia birika na kipande cha mkate, akanipungia mkono, "Sitta!"

Saa kumi na mbili kamili, giza limeshakaza, taa za gari zikatokea kwenye kona. Dereva akashuka akitabasamu, akanyoosha kidole kwenye dashibodi. Imeandikwa 6:00.

"Sitta," akasema, kwa fahari ya mtu anayetimiza ahadi.

Nilikuwa na la kujibu? Neno tulilichukua kwao; kuhesabu tukaanzia tulipotaka wenyewe.

Njiani niliapa sitataja tena namba ya saa katika nchi ile. Nilitaka anipeleke jangwa la Wadi Rum kesho yake, saa moja asubuhi. Tulipofika hotelini nikatoa karatasi, nikachora milima, nikachora jua limechungulia nusu juu ya milima, chini nikaandika 7. Akaukagua mchoro, akautia mfukoni, akanipiga bega. Nikalala usingizi wa mtu aliyepata elimu.

Asubuhi nilisimama mlangoni na begi langu. Nikasimama, nikakaa, nikalala kwenye kochi la mapokezi. Dereva alifika saa moja usiku, na blanketi na chupa ya chai ya moto.

Mtu wa hoteli akamsikiliza, kisha akanigeukia. "Anasema jana alishangaa mtu kutaka kufuatwa usiku, lakini alikukuta unangoja, kwa hiyo amejua wewe unapenda kusafiri gizani. Na tena umemchorea jua linazama."

Niliuomba ule mchoro, nikautazama kwa muda mrefu. Milima, nusu ya jua, 7.

Dereva akafungua mlango wa gari. "Tfaddal," akasema.

Hilo angalau nilikuwa nimeshalijua. Nikapanda.